Nitajuaje kama kivinjari cha mgeni kinaruhusu vidakuzi vya washirika wengine? Kisa cha fremu ya malazi, Pangani

#1 Fundi wa Chumbageni

Wanajamvi, salaam. Naombeni msaada katika jambo ambalo limeninyima usingizi kwa wiki mbili, ingawa nilipolianza niliamini lingenichukua saa moja tu.

Mimi hutengeneza tovuti za wafanyabiashara wadogo hapa Tanga mjini. Mmoja wa wateja wangu ni mama mwenye nyumba ya wageni ya vyumba tisa upande wa Pangani. Tovuti yake ni ya kawaida: picha, bei, ramani na sehemu ya kukata nafasi. Sehemu hiyo ya mwisho si kazi ya mikono yangu. Ni huduma ya kampuni nyingine yenye kikoa chake, yaani jina lake la anwani mtandaoni. Mgeni akibonyeza "angalia nafasi", hupelekwa kwenye kalenda ya kampuni hiyo, ambayo hufunguka kama ukurasa kamili. Akishachagua tarehe, hurudishwa kwetu, na sehemu ya vyumba na malipo huonekana ndani ya fremu niliyoipachika katika ukurasa wetu, yaani dirisha dogo linaloonyesha ukurasa wa tovuti nyingine ndani ya wetu.

Wageni wengi humaliza salama. Wengine, hasa wenye iPhone, huchagua tarehe, hurudi kwetu, kisha fremu inazunguka kidogo na kuwaambia wachague tarehe. Wakichagua tena, wanaambiwa tena. Mama hunitumia picha za skrini usiku wa manane, na kila picha ina kikapu kitupu. Wenye huduma walinijibu kwa mstari mmoja kwamba kivinjari cha mgeni kinazuia vidakuzi, yaani vile vipande vidogo vya taarifa ambavyo tovuti huviacha katika kivinjari ili imkumbuke mgeni (vya tovuti ya pembeni, kama yao, ndivyo huitwa vya washirika wengine), wakanyamaza.

Nikaamua kupima mwenyewe, ili mgeni ambaye kivinjari chake kinazuia apewe njia nyingine badala ya fremu. Kipimo cha kwanza nilikiweka katika kikoa kidogo chini ya kikoa chetu: ukurasa mdogo ndani ya fremu unaoandika kidakuzi kwa skripti, kisha unakisoma. Kilijibu "ruksa" katika kila simu niliyoishika, ikiwemo iPhone ya shemeji yangu ambayo fremu ya malazi inagoma waziwazi. Kipimo cha pili nilikihamishia kwenye kikoa kingine kabisa. Sasa iPhone inajibu "imezuiwa", na hilo ni sawa. Lakini Firefox ya kompyuta yangu inajibu "ruksa" huku fremu ya malazi ikigoma humohumo, na Chrome ya simu yangu inajibu "imezuiwa" huku fremu ya malazi ikifanya kazi bila kikwazo chochote.

Kipimo kinakosea kwa kukubali, na kinakosea kwa kukataa. Nimekosea wapi?

#2 Barabara ya Kumi na Mbili

Kaka Fundi, mbona unajitesa? Kivinjari chenyewe kina jibu tayari. Andika `navigator.cookieEnabled`, kitakwambia kweli au si kweli, nawe uendelee na shughuli nyingine.

#3 Raskazone

Mimi ningefanya rahisi zaidi. Kivinjari hujitambulisha kwa jina kila kinapoomba ukurasa. Ukiona Safari, mpeleke mgeni njia ya pili. Ukiona Chrome, mwachie fremu. Kwa wageni wa Pangani hiyo inatosha.

#4 Mwalimu wa Baraza

Vijana wangu, ninawaomba tuende polepole, kwa sababu mapendekezo haya mawili ndiyo yaliyompotosha kila mtu aliyewahi kulishughulikia jambo hili, nami nikiwa mmoja wao.

Tuanze na la ndugu yetu wa Barabara ya Kumi na Mbili. Swali la `navigator.cookieEnabled` likiulizwa katika ukurasa wa juu linahusu vidakuzi vya ukurasa huo wenyewe. Karibu kila kivinjari kitajibu kweli, kwa sababu ni watu wachache mno wanaofunga vidakuzi vyote. Tovuti nyingi zisingewaruhusu hata kuingia. Kwa swali la Fundi, jibu hilo halina msaada.

La Raskazone lina mtego uliofichika zaidi. Katika iPhone, vivinjari vimekuwa vikijengwa juu ya injini ya Apple, yaani WebKit, hata vinapobeba jina la Chrome au Firefox. Tangu iOS 14 ya mwaka 2020, kinga ya WebKit dhidi ya ufuatiliaji huwashwa katika vivinjari hivyo pia. Mgeni mwenye Chrome ya iPhone atajitambulisha kwa jina la Chrome na kutenda kama Safari. Upande wa pili, mgeni mwenye Chrome ya kompyuta akifungua dirisha fiche (incognito), vidakuzi vya washirika wengine huzuiwa bila yeye kugusa mpangilio wowote, na jina linabaki lilelile. Jina halikwambii tabia.

Sasa kosa la kwanza la Fundi. Kikoa kidogo chini ya kikoa chako si mgeni, ni mtoto wa nyumbani. Vivinjari haviangalii anwani nzima. Vinaangalia kile kipande kilichosajiliwa pamoja na kiambishi chake cha umma. Kwetu Tanzania, co.tz, or.tz, go.tz, ac.tz, sc.tz na hata hotel.tz vimo katika orodha ya viambishi vya umma ambayo vivinjari hubeba. Maana yake, tovuti mbili zinazoishia na co.tz zenye majina tofauti ni majirani tu, hazina undugu. Lakini chochote unachokiweka mbele ya jina lako mwenyewe ni cha ukoo wako. Kipimo chako cha kwanza kilimuuliza mtoto wa nyumbani kama anaruhusiwa kuingia jikoni. Kingejibu nini?

Kosa la pili na la tatu yanataka maelezo marefu kidogo. Nitarudi baada ya magharibi.

#5 Fundi wa Chumbageni

Shikamoo Mwalimu. La kikoa kidogo nimelielewa, na limenitia aibu kidogo, maana ndicho kipimo nilichokitumia kubishana na wenye huduma kwa siku tatu. Ninasubiri mengine.

#6 Mwalimu wa Baraza

Marahaba. Usione aibu, nakala za kipimo cha namna hiyo zimejaa mtandaoni.

Sasa Firefox. Naomba niwaeleze kwa mfano wa mtu tunayemfahamu sote, fundi cherehani anayekaa barazani kwa mwenye duka la vitambaa. Tuseme fundi huyu ana baraza mbili, moja Ngamiani na nyingine karibu na soko la Mgandini, na pia ana nyumba yake ambako wateja humfuata. Ana daftari moja la vipimo. Ukipimwa bega nyumbani kwake Jumatatu, Jumatano ukimkuta Ngamiani atafungua daftari lilelile na kukuta bega lako. Hivyo ndivyo vidakuzi vya washirika wengine vilivyofanya kazi tangu Lou Montulli wa Netscape alipovibuni mwaka 1994. Tovuti ya pembeni ilikuwa na daftari moja, na ilitembea nalo katika kila baraza iliyopachikwa. Wenye duka wa kawaida hawakuona shida. Wenye matangazo waliona utajiri, maana fundi mwenye baraza elfu moja anajua kila mtu anapita wapi.

Wasiwasi juu ya hilo si wa jana. Hati ya kwanza ya kusanifisha vidakuzi, RFC 2109 ya mwaka 1997, ilikwisha kuonya juu ya maombi yanayokwenda kwa tovuti ambayo mtumiaji hakuichagua mwenyewe. Onyo hilo halikufuatwa kwa miaka mingi.

Vivinjari vilipoamka, vilichukua njia mbili tofauti, na hapa ndipo kipimo cha Fundi kinapoteleza. Safari humnyang'anya fundi daftari mlangoni mwa baraza. Tangu Machi 2020, Safari huzuia vidakuzi vyote vya washirika wengine. Ukiandika ndani ya fremu kisha ukasoma, unakuta patupu. Firefox haikunyang'anya. Kuanzia Juni 2022 Firefox ilianza kumpa kila mtumiaji kinga ambayo kwayo fundi anaachiwa aandike, ila kila baraza ina daftari lake lisilotoka hapo. Lile la Ngamiani linabaki Ngamiani, la Mgandini linabaki Mgandini, na la nyumbani linabaki nyumbani.

Rudi sasa katika kipimo chako, Fundi. Umeingia barazani ukamwambia, andika neno, haya lisome. Ameandika, amesoma. Umetoka ukisema ana daftari, na kweli analo. Lakini fremu ya malazi haikuwa inauliza hivyo. Mgeni alichagua tarehe nyumbani kwa fundi, kwenye kalenda iliyofunguka kama ukurasa kamili. Fremu iko barazani kwako na inatafuta tarehe iliyoandikwa nyumbani. Daftari la barazani halina tarehe hiyo, hivyo fremu inaanza upya. Kipimo chako kilijibu kwa usahihi swali ambalo hukukusudia kuuliza.

#7 Mchungwa wa Muheza

Mwalimu, mfano wa cherehani nimeuiba, nitautumia kazini.

Kaka Fundi, la Chrome niachie mimi, maana niliwahi kuungua nalo. Tangu Chrome 80 ya Februari 2020, kidakuzi kisichotaja SameSite, yaani sharti linalosema kama kinaweza kutumika ndani ya tovuti nyingine, huhesabiwa kuwa Lax, na kidakuzi cha Lax hakipokelewi wala hakitumwi ndani ya fremu ya tovuti nyingine. Yaani kivinjari hakikuzuia vidakuzi vya wengine. Kimekataa kidakuzi chako kwa sababu hukukiombea ruhusa ya kutoka nje ya nyumba. Firefox hadi leo haijaweka chaguo-msingi hilo kwa watumiaji wa kawaida, ndiyo maana kidakuzi kilekile kilipokelewa huko. Kidakuzi cha kipimo lazima kiandikwe hivi:

`Set-Cookie: alama=7f3a; Path=/; SameSite=None; Secure`

Ukiandika None bila Secure, Chrome hukitupa pia, na Secure inataka HTTPS, yaani mawasiliano yaliyosimbwa. Mimi nilipoteza mchana mzima kwa sababu seva yangu ya majaribio ilikuwa ya HTTP tupu, na kila kivinjari kilionekana mkali kama askari wa bandarini.

Kipimo ninachokiamini mimi kina hatua mbili, na hatua ya kwanza haifanyiki ndani ya fremu kabisa. Kwanza unafungua kikoa cha pembeni kama ukurasa kamili, na seva yake inaandika alama yenye namba ya bahati nasibu. Pili unarudi kwenye ukurasa wako, unapachika fremu ya kikoa hichohicho, na seva inaangalia kama ombi la fremu limekuja na alama ileile. Imekuja ileile, basi daftari ni moja. Haikuja, basi ama limenyang'anywa ama baraza ina daftari lake. Ukitaka kutofautisha hayo mawili, hapo ndipo unapoandika na kusoma ndani ya fremu kama ulivyofanya awali. Kipimo chako cha zamani si takataka. Ni nusu ya pili ya kipimo kizima.

Mambo mawili madogo yanayoharibu kazi kubwa. Majibu ya seva yasihifadhiwe kwenye kache, weka `Cache-Control: no-store`, la sivyo utasoma jibu la juzi ukidhani ni la leo. Na fremu inapotuma jibu lake kwa ukurasa wa juu kwa `postMessage`, ukurasa wa juu uangalie `event.origin` kabla ya kuamini. Vinginevyo fremu yoyote ya tangazo inaweza kukujibu kwa niaba ya kipimo.

#8 Barabara ya Kumi na Mbili

Nimekubali kosa la `cookieEnabled`. Lakini nauliza kwa nia njema: si Google walikwisha kuviondoa vidakuzi hivi katika Chrome? Niliona habari hiyo kila mahali. Kama vimeondolewa, kipimo cha nini? Jibu ni hapana kwa wote.

#9 Mwalimu wa Baraza

Habari uliyoiona ilikuwa ya nia, na nia ikabadilika. Januari 2020 Google walitangaza kwamba wangeviondoa ndani ya miaka miwili. Tarehe ikasogezwa hadi 2023, ikasogezwa hadi 2024, ikasogezwa tena hadi 2025. Tarehe 4 Januari 2024 walianza kuvizuia kwa asilimia 1 ya watumiaji wa Chrome kwa majaribio. Julai 2024 wakasema hawataviondoa, bali watampa mtumiaji nafasi ya kuchagua, na Aprili 2025 wakasema hata dirisha jipya la kuuliza uchaguzi huo hawataliweka. Kwa hiyo katika Chrome ya kawaida bado vinaruhusiwa mpaka mtumiaji avizuie mwenyewe, na katika dirisha fiche vinazuiwa.

Ndiyo sababu kipimo kinahitajika. Kama wote wangezuia, au wote wangeruhusu, Fundi angekuwa amelala.

#10 Fundi wa Chumbageni

Nimerudi na matokeo. Nimekaa jana kutwa nikitumia kipimo cha Dada Mchungwa katika vifaa sita.

Chrome ya simu yangu sasa inajibu kwamba alama ni ileile. Chrome hiyohiyo katika dirisha fiche haina alama. Firefox ya kompyuta haina alama ya nyumbani, lakini ikiandika ndani ya fremu inasoma ilichoandika, yaani kila baraza na daftari lake, kama Mwalimu alivyosema. iPhone ya shemeji haina alama na haiandiki, kwa Safari na kwa Chrome pia. Hilo la mwisho nililipiga picha ili nimtumie Raskazone.

Limebaki jambo moja lililonishangaza. Simu ya sita ni ya mama mwenyewe, Android ya kawaida, na Chrome yake inaruhusu. Lakini alipobonyeza kiungo cha tovuti yake ndani ya programu ya kuchati, ukurasa ukafunguka humohumo ndani ya programu, na kipimo kikajibu hakuna. Simu ileile, dakika ileile.

#11 Raskazone

Picha nimeipokea, kaka, na nimeinamisha kichwa.

Hilo la programu nina jibu lake, kwa kuwa kazi yangu ni programu za Android. Ukurasa unaofunguka ndani ya programu mara nyingi haufungukii katika Chrome, bali katika WebView, yaani kivinjari kidogo kilichopachikwa ndani ya programu. Tangu Android 5.0, kwa programu zinazolenga toleo hilo na yanayofuata, WebView hukataa vidakuzi vya wengine mpaka mwandishi wa programu aruhusu mwenyewe kwa `setAcceptThirdPartyCookies`. Waandishi wengi hawaruhusu, na hawana sababu ya kuruhusu. Zaidi ya hapo, hata vidakuzi vya kawaida vya WebView vinakaa ndani ya programu ile. Havionani na vya Chrome. Mteja wako huenda anapata wageni wengi kwa viungo vinavyotumwa katika makundi ya kuchati. Wachunguze hao kabla ya kuwalaumu wenye iPhone.

#12 Mkonge

Naombeni nami nichangie, ingawa huenda nikaonekana mkorofi.

Kipimo cha hatua mbili mnachokisifia kinampitisha mgeni katika tovuti ya pembeni bila yeye kujua, kisha kumrudisha. Hiyo ndiyo mbinu ya wafuatiliaji wenyewe, na Safari na Firefox zina kinga ya kuwatambua wanaopitisha watu namna hiyo na kufuta walichoandika. Pili, kumwandikia mtu alama yenye namba ya pekee ni kumtia chapa, hata kama nia ni njema. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sitaki kumwona mama wa watu Pangani akielezea mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwamba fundi wake alikuwa anajaribu daftari.

#13 Mchungwa wa Muheza

Mkonge hujakosea, nami nilipaswa kulisema mapema. Kipimo cha hatua mbili ni cha fundi akiwa na vifaa vyake mezani. Si cha kuwekwa mbele ya wageni.

Kwa wageni kuna swali la adabu zaidi ambalo vivinjari vyenyewe vimeliweka. Skripti iliyo ndani ya fremu inaita `document.hasStorageAccess()`, na kivinjari kinajibu kama fremu hiyo inalifikia daftari lake la nyumbani au la. Hakuna alama inayoandikwa, hakuna anayepitishwa popote. Safari na Firefox wanalo swali hili, na Chrome walilileta mwaka 2023. Kivinjari cha zamani huenda hakina kabisa, kwa hiyo uliza kwanza kama lipo kabla ya kuliita.

Kuna pia nduguye, `requestStorageAccess()`, anayeomba daftari la nyumbani lifunguliwe barazani. Huyu anataka mgeni awe amebonyeza kitu ndani ya fremu, na Safari inataka mgeni awe amewahi kuitembelea na kuitumia tovuti hiyo yenyewe kama ukurasa kamili. Kwa kisa chako sharti hilo huenda likatimia, kwa sababu kalenda hufunguka kama ukurasa kamili na mgeni huibonyeza. Lakini ataona dirisha linalomuuliza kama anairuhusu tovuti ambayo jina lake hajawahi kulisikia. Mgeni aliye likizo akiona dirisha hilo atafunga ukurasa aende zake. Mimi singelitumia.

Tahadhari moja: maswali haya mawili yanaitwa kutoka ndani ya fremu, na fremu ni ya wenye huduma. Ukiyaita katika ukurasa wako wa juu utajibiwa habari za ukurasa wako.

#14 Fundi wa Chumbageni

Basi hapo nimekwama, dada. Wenye huduma hawatabadilisha skripti yao kwa ajili ya vyumba tisa vya Pangani. Naweza kupachika fremu yangu ya kipimo kutoka kikoa changu kingine na kuuliza humo?

#15 Mchungwa wa Muheza

Unaweza, na kwa kawaida jibu litakuwa sawa, maana mpangilio wa kivinjari huhusu vikoa vyote vya nje. Lakini si lazima lilingane. Firefox yenye mpangilio wa kawaida ina orodha ya wafuatiliaji wanaojulikana, na hao huwabana zaidi ya wengine. Kikoa kilichomo katika orodha kitatendewa vingine na kikoa chako safi. Na mgeni mwenye kizuia matangazo anaweza kuizuia fremu ya kipimo isipakuliwe kabisa, hivyo usipate jibu lolote.

Kwa hiyo jibu lako liwe na nafasi tatu: ndiyo, hapana na haijulikani. Watu wengi huweka kipima muda cha sekunde moja, na ikipita kimya wanaandika "imezuiwa". Mtandao wa huko Pangani jioni, wageni wote wakiwa wanapandisha picha za mchanga na minazi, sekunde moja haitoshi kupakua hata nembo. Asiyejibu usimhesabu kuwa amekataa.

#16 Mwalimu wa Baraza

Nami niulize jambo ambalo huenda lilipaswa kuulizwa mwanzoni. Fundi, kwa nini mgeni anarudishwa kwenye fremu? Ameshafika nyumbani kwa cherehani, ameshapimwa. Kwa nini atolewe nyumbani akamaliziwe barazani? Wenye huduma hawana mpangilio wa kumwacha amalize palepale, kisha arudi kwenu akiwa na risiti?

Na kama mama anataka jina la nyumba yake libaki juu pale kwenye anwani, waulize kama wanakubali kikoa kidogo chako kielekezwe kwenye seva yao kwa rekodi ya CNAME. Kalenda na fremu zote zikiishi chini ya kikoa chako, zinakuwa za ukoo mmoja na ukurasa wako, na hakuna tena kidakuzi cha mshirika mwingine. Safari huitambua hila hiyo na kukipunguzia kidakuzi umri hadi siku 7, lakini mgeni wako anahitaji dakika kumi tu. Hapa kwetu husemwa Tanga waja leo waondoka leo, na kidakuzi cha malazi kinaweza kuwa hivyohivyo bila hasara.

Ukifanya hivyo, kagua vidakuzi vyako mwenyewe. Kidakuzi chochote ulichokitangaza kwa kikoa chote, na hasa cha kuingilia ofisini mwa tovuti, kitatumwa kwa wenye huduma pia. Kibane kwa jina linaloanza na `__Host-`, kisitoke katika anwani iliyokiandika.

#17 Barabara ya Kumi na Mbili

Yaani kurasa mbili nzima za uzi huu kupima mlango, na Mwalimu anauliza kama kuna haja ya kupita mlangoni.

#18 Mwalimu wa Baraza

Bila kupima asingejua mlango upi umefungwa, kijana wangu. Angeendelea kuambiwa mstari mmoja na wenye huduma.

#19 Fundi wa Chumbageni

Samahanini kwa kukaa kimya wiki nzima, nilikuwa Pangani.

Wenye huduma, nilipowaandikia kwamba kidakuzi kinaandikwa katika ukurasa kamili na kutafutwa ndani ya fremu, walijibu siku hiyohiyo, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mpangilio wa kumwacha mgeni amalize kwenye ukurasa kamili upo; ulikuwa umefichwa katika ukurasa wa tatu wa mipangilio, na mimi ndiye niliyeuzima mwaka jana kwa sababu niliona fremu inapendeza zaidi. Kikoa kidogo kwa CNAME wanakubali, lakini kwa ada ya mwezi ambayo mama amekataa kuilipa, nami sikumlaumu.

Kwa hiyo fremu nimeiondoa kabisa. Nimejaribu kwa iPhone ya shemeji, kwa Firefox, kwa dirisha fiche, na kwa kiungo kilichotumwa katika kundi la familia na kufunguliwa ndani ya programu. Zote nne zimefika kwenye risiti. Kipimo cha hatua mbili nimekihamishia kwenye kompyuta yangu. Wageni hawatakiona, Mkonge, na alama zote nimezifuta.

Mama anaendelea kuandika kila nafasi katika daftari lake la jalada jekundu hata baada ya mfumo kumtumia ujumbe. Jana alinionyesha mstari wa mgeni aliyejaribu mara tano mwezi uliopita na kushindwa; pembeni ya jina lake alikuwa ameandika, kwa kalamu ya bluu, "simu yake mbovu". Amelikata neno hilo na kuandika tarehe za kuja kwake, chumba namba 4, usiku tatu.